Kutengeneza gemu ya kufundisha basawo (watu wa afya): anza na kosa, simu baadaye

Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ile ya Rwenzori inayouzwa kila duka, weka ndani karkade (yale maji ya maua ya rozela) iliyokolea mpaka iwe nyekundu nzito, alafu mwaga yote juu ya kitenge kilichokunjwa, na kitenge chenyewe kiwe juu ya kaveera, plastiki kama ile inayokuja na Mama Kit, kifurushi cha vifaa vya kujifungulia. Ita mkunga mzoefu, mwambie aangalie kwa macho tu, asiguse, akwambie hiyo ingekuwa damu ni kiasi gani. Nimefanya hivi mara nyingi na jibu ninalopata zaidi ni 200, au 250 kwa yule mwenye kuogopa. Ni mililita 500. Na 500 ndo ule mpaka tuliofundishwa wote kwamba mama akiuvuka baada ya kujifungua, hiyo sio damu ya kawaida tena, ni dharura.

Hapo gemu umeshaiona. Haina simu, haina katuni, haina muziki, lakini kuna mchezaji, kuna swali lenye jibu la kweli, kuna kukosea, na kuna kule kushtuka papo hapo mtu anapoonyeshwa chupa tupu. Karibu yote nitakayoandika hapa chini ni namna ya kulinda huo mshtuko usipotee ukishaanza kupandisha mambo ya kompyuta juu yake.

Mi nafundisha wakunga na manesi huku Uganda, upande wa Ziwa Albert, na kwa kuwa akina mama wengi wanaokuja kujifungua wametoka Kongo, Kiswahili ndo lugha ya wodi usiku na mchana. Gemu ninayoieleza ni ya damu kutoka nyingi baada ya kujifungua. Njia ni ile ile hata kama we unataka ya malaria, ya kuhesabu pumzi za mtoto au ya kuvaa na kuvua nguo za kujikinga na Ebola.

Tafuta kosa kwanza

Watu wakinitafuta huwa wanasema "tunataka gemu ya malaria" au "tunataka gemu ya Ebola". Hiyo ni mada, kosa bado hujalipata. Kosa linasikika hivi: mkunga anaiona damu, anaidharau, dakika 20 zinaenda. Au VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, anahesabu pumzi za mtoto kwa sekunde 15 alafu anazidisha kwa nne, wakati alitakiwa ahesabu dakika nzima. Au nesi anatoka kwa mgonjwa anayeshukiwa Ebola, amevaa kila kitu vizuri kabisa, alafu anavua kwa mpangilio mbaya na mkono mchafu unagusa uso. Kila moja ni kitu kimoja ambacho jicho au mkono unafanya kwenye dakika fulani inayojulikana, na ukishakijua hivyo, nusu ya kazi imeisha.

Namna ya kulipata ni kukaa na watu wa kazi yenyewe, chai na chapati, bosi wao asiwepo chumbani. Usiwaulize wanataka kujifunza nini, watakupa majibu mazuri ya semina na utaondoka mikono mitupu. Uliza hivi: mara ya mwisho mambo yalipoharibika, dakika kumi za kwanza ulikuwa unafanya nini? Alafu nyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu mpaka unaona aibu, nyamaza tu. Mkunga mmoja wa miaka mingi kazini, kituo sitakitaja, aliniambia, "Mwalimu, mi damu niliiona. Nikasema hii ya kawaida, nikaenda kuandika kwenye kitabu. Niliporudi mama akaniambia, sista, nasikia baridi." Yule mama alipona, walipata gari la mtu wakampeleka kituo kikubwa. Lakini hilo neno, sista nasikia baridi, halikunitoka, na saizi ndo sauti ya kwanza utakayosikia ndani ya gemu yetu.

Ukishapata kosa kwa mdomo, nenda ukaangalie kama ni la mtu mmoja au ni la wengi. Mimi nilikuta utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, umefanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, zaidi ya akina mama 200,000. Kwenye hospitali zilizoendelea na mazoea yao, damu nyingi iligunduliwa kwa karibu nusu tu ya akina mama waliokuwa nayo. Kule walikopewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, unaowekwa chini ya mama, ugunduzi ukafika asilimia 93, na pamoja na matibabu yanayotolewa yote kwa mkupuo, mambo makubwa kama kuvuja lita nzima, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu ya damu yakapungua kwa asilimia 60. Kwa hiyo yule dada hakuwa mzembe. Jicho la binadamu ndo linadanganya, la kwake na la kwangu, na kitenge ndo kinalisaidia kudanganya kwa sababu kinakunywa damu kimya kimya.

Gemu moja, kosa moja. Mawili ukibanwa sana. Wafadhili watataka uingize na usafi wa mikono na kunyonyesha na uzazi wa mpango kwa sababu "mama yuko hapo hapo", kataa kwa upole lakini kataa.

Mchezaji afanye kile kile kinachoharibika

Hapa ndo gemu nyingi za afya zinakufa. Mtu anachukua maswali ya mtihani, anaweka a, b, c, d, anaongeza nyota na makofi, anaita gemu. Sasa fikiria: ukimuuliza mkunga yeyote Uganda damu ikizidi mililita ngapi ni hatari, atakujibu 500 akiwa amelala. Ni yule yule aliyeangalia 500 akasema 200! Kichwani anajua. Maswali yako yatampa alama 100 kwa 100 na atarudi wodini na jicho lile lile.

Kwa hiyo kama kosa liko kwenye jicho, gemu imwangalishe. Kama liko kwenye kuamua nani aitwe na saa ngapi, gemu imwamulishe huku saa inakimbia. Na kama liko kwenye mkono, basi simu sio chombo chake, hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona pesa ikipotea hapo. Kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua kwa ile ambu, mfuko wa hewa wa kubonyeza kwa mkono, namna ya kubana maski usoni isivuje, kidole gumba kwenye skrini hakiwezi kufundisha, hiyo inataka mwanasesere. Simu inachoweza ni kufundisha lini. Programu ya Helping Babies Breathe iliyoanza 2010 inaita ile dakika ya kwanza dakika ya dhahabu, kwamba ndani ya sekunde 60 mtoto awe ameshakaushwa, amesisimuliwa na kama bado hapumui ameanza kupewa hewa, na hiyo hesabu ya wakati na mpangilio simu inaifundisha vizuri tu. Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walitengeneza gemu ya simu ya namna hiyo inaitwa LIFE. Mwanasesere na simu vinasaidiana, kimoja hakifukuzi kingine.

Karatasi, karkade na dripu

Usifungue kompyuta kwanza. Miezi yetu miwili ya mwanzo ilikuwa meza, kadi za manila, vifuniko vya soda na dripu iliyopitwa na tarehe. Nitaieleza vile ilivyo ili uweze kuifanya hata kesho.

Ning'iniza chupa ya karkade kwenye msumari, unganisha ule mrija wa dripu, ncha yake ielekee kwenye kitenge juu ya kaveera. Kile kigurudumu kidogo cha kufungulia na kufungia akishike mwalimu. Wachezaji wawili au watatu wanasimama mezani, na matone yanaanza. Vifuniko vya soda ni dakika, kila kitendo kina bei yake ya dakika na mwalimu anaondoa vifuniko kadri wanavyotenda. Kadi za vitendo ni hizi: ita msaada, kanda kizazi, toa mkojo, oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), dripu, kagua kondo la nyuma na michaniko, piga simu kwa kituo kikubwa. Kila mchezaji anashika kadi mbili tu kwa wakati mmoja kwa sababu mikono yake ni miwili. Hiyo sheria moja ilifundisha kuliko hotuba zangu zote, maana mkunga aliye peke yake usiku anagundua haraka kwamba kadi ya kuita msaada lazima itoke mapema, hata kama msaada wenyewe ni askari wa geti na mama mkwe wa mgonjwa anayeshika tochi.

Alafu tukaongeza kadi za matatizo, na hizo tuliiba kutoka matatu, gemu ya karata ambayo kila Mganda anaijua toka shule. Kwenye matatu ukitupiwa 2 unaokota mbili, na 7 inaweza kukata mchezo wote ukiwa bado umejipanga. Kwa hiyo kadi yetu ya 2 inamaanisha mama mwingine ameingia na uchungu, beba hilo pia. Kadi ya 7 ni umeme umekatika toka asubuhi na oksitosini, inayotakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, huna uhakika nayo tena. Hakuna aliyehitaji kusomewa sheria.

Usiku wa kwanza tuliocheza na wanafunzi, wasichana watatu, mmoja akawa ameshika kitabu cha kumbukumbu anatafuta ukurasa, mwingine anabishana naye kuhusu dozi, na matone yanaendelea. Chumba kilinyamaza mpaka unasikia tone likigonga kaveera, tap, tap, kwa sababu kitenge kilikuwa kimeshashiba. Yule wa tatu akageuka akasema, "Mwalimu, funga hiyo kitu, tafadhali." Sikufunga. Akaangusha kadi zake, akaweka mkono tumboni kwa mwanasesere akaanza kukanda, na mi nikapunguza kigurudumu kidogo, kidogo tu, akaona matone yanapungua kwa sababu yake. Tangu siku hiyo nikajua ile sauti ndo injini ya gemu, na tulipohamia kwenye simu sauti ya tone ndo kitu cha kwanza tulichorekodi.

Namba zako zitoke wapi

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, linauma lakini litakusaidia. Toleo letu la kwanza la simu lilitoa pointi kwa kufuata mpangilio: kanda, subiri uone, toa oksitosini, subiri uone, ikishindikana ndo uende hatua inayofuata. Ndivyo nilivyofundishwa miaka yangu. Daktari mmoja wa akina mama alikuja kutuangalia, akacheza kimya, alafu akasema hiyo subiri subiri ndo inayoua, kwamba damu ikishagundulika vinatakiwa vyote kwa mkupuo, kukanda, oksitosini, traneksamiki, maji ya mshipani na kukagua, na kama bado inatoka unapandisha ngazi, usisubiri kimoja kishindwe ndo uanze kingine. Gemu yangu ilikuwa inampa mtu nyota kwa kuchelewa. Darasa zima lilikuwa limeicheza wiki tatu, ikabidi nirudi kwa mmoja mmoja nimwambie kile nilichokufundisha kwa furaha vile, kifute.

Gemu inafundisha vizuri hata kitu kibaya. Kwa hiyo fanya hivi: tengeneza jedwali, kila namba na kila sheria iwe na mstari wake, na pembeni uandike imetoka wapi na nani ameikubali, na huyo awe mtu wa kliniki anayeweka sahihi yake. Anza na mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya ya Uganda, alafu WHO. Kwa gemu yetu mistari mikubwa ni kama oksitosini yuniti 10, traneksamiki gramu 1 mshipani taratibu kwa dakika kama 10 na isizidi saa 3 toka mama ajifungue, na misoprosto, vidonge vya kukaza kizazi, mikrogramu 800 chini ya ulimi pale ambapo oksitosini haipo au haiaminiki.

Alafu weka jedwali la pili, la vitu ulivyovifupisha kwa ajili ya mchezo. Kwetu damu inatoka kwa kasi kuliko kawaida kwa sababu hatuwezi kukaa mezani saa nzima, na mchezaji anaambiwa hivyo kabla hajaanza. Usimfiche, maana asipojua kipi ni kweli na kipi ni cha mchezo, vyote viwili atavibeba wodini.

Uhaba nao upime. Sisi mara ya kwanza tulitaka kuonyesha hali halisi tukaondoa kila kitu, hakuna umeme, hakuna gari, hakuna dawa, na wakunga wakaweka kadi mezani wakasema hata kwangu ni hivi hivi, sasa nifanye nini. Walikuwa sawa kabisa. Kila mlango unaoufunga, fungua dirisha mahali: oksitosini imeharibika lakini misoprosto iko kabatini nyuma ya makopo, gari halipo lakini ukipiga simu kituo kikubwa dakika ya 3 badala ya dakika ya 30, boda wa mtaani anajua pa kupata gari.

Na je, mama afe kwenye gemu? Tumebishana sana. Msimamo wangu ni kwamba anaweza kufa, lakini sio mchezo wa kwanza, na akifa gemu isiishie hapo, ikurudishe kwenye dakika ile ambayo ingebadilisha mambo, ikupe nafasi uicheze tena. Waambie watu kabla. Humo darasani kuna mtu amepoteza mama wa kweli mikononi mwake, kuna mwingine amepoteza dada yake mwenyewe, na nimeshaona mtu mzima akilia juu ya karkade. Kuwe na njia ya kutoka bila kuulizwa maswali.

Sasa simu

Ukishacheza na makundi kama matano ya watu na sheria zimeacha kubadilika kila siku, ndo uingie kwenye simu. Kwa gemu ya maamuzi na hadithi mi nashauri Twine, programu ya kompyuta ya kuandika hadithi zenye machaguo, ni ya bure, iko toka 2009, na uzuri wake mkubwa kwa huku kwetu ni kwamba ukimaliza inakupa faili moja ya HTML inayofunguka kwenye brauza bila intaneti, unaituma kwa WhatsApp au Bluetooth, mtu anafungua hata akiwa hana bando. Picha na sauti ukizipachika humo humo ndani ya faili hazitapotea njiani, ila zipunguze ukubwa kwanza. Sio lazima uwe injinia. Kila tukio ni kiboksi, unaunganisha viboksi kwa mishale, na hesabu ndogo unaandika hivi:

(set: $damu to 300)
(set: $mpaka to 500)
(if: $damu >= $mpaka)[Mama anasema: sista, nasikia baridi.]

Ona hiyo mpaka nimeiweka peke yake. Mwaka 2025 WHO na wenzao walitoa mwongozo mpya kwamba usisubiri 500, hata mililita 300 zikiambatana na mapigo ya moyo au presha isiyo ya kawaida unaanza matibabu. Kama ningekuwa nimeandika 500 kwenye kila kiboksi ningetafuta wiki nzima na bado ningesahau viwili vitatu.

Picha usipige za wagonjwa, hata kama mama amekubali, maana kukubali kwa mtu aliyetoka kujifungua sasa hivi sio kukubali. Tulipiga za karkade: kitenge, pedi, ndoo, sakafu ya simenti, godoro, kila mahali kwa vipimo tofauti, 150, 300, 500, 800, 1,000, kila picha mezani imepimwa kwa chupa. Karkade tupu inatiririka mno, changanya na uji mwepesi wa muhogo itakaa kidogo kama damu. Alafu angalia picha zako kwenye simu mbaya kuliko zote utakayopata, Itel ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kwenye jua. Yetu ya kwanza ilionekana zambarau na tukapiga zote upya.

Maneno nayo yatoke wodini. Mwanzoni niliandika Kiswahili cha kitabu, mama wa kwenye gemu akawa anasema "ninahisi kizunguzungu", na dada mmoja kutoka Bunia, kule Kongo, aliyekuja kutusaidia kurekodi akacheka akasema hapana, mtu anasema kichwa inazunguka, naona giza. Tukarekodi yeye. Tukafanya na Kialur na Kinyoro pia, kwa sababu mkunga anatakiwa azitambue zile dalili kwa lugha ambayo mama atazisemea.

VHT wengi hawana simu za kioo, wana katochi, zile simu ndogo za batani, na hilo lisikuzuie. Mwaka 2008 kule Mbarara shirika la Text to Change lilituma maswali ya UKIMWI kwa SMS kwa watu kama 15,000, wanajibu, wanapata zawadi ya muda wa maongezi na kualikwa kwenda kupima. Kwa kuhesabu pumzi za mtoto huhitaji hata SMS, unahitaji mtu mmoja anayepandisha na kushusha kitambaa kifuani kwa mwanasesere kwa kasi anayoijua yeye, VHT anahesabu dakika nzima, alafu anasema ni haraka au sio haraka: pumzi 50 na kuendelea kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, na 40 na kuendelea kwa wa mwaka 1 mpaka chini ya 5. Mtoe umakini katikati, mama mtu aulize swali, jirani apite anasalimia, kwa sababu ndivyo anavyopoteza hesabu kule kijijini.

Mazungumzo baada ya mchezo

Tunacheza dakika 10, tunaongea 20, na ukibanwa na muda punguza kucheza. Mwalimu anauliza vitu vitatu tu: uliona nini, wakati huo ulikuwa unafikiria nini, na ni kitu gani kwenye kituo chako kingekuzuia kufanya hivi. Hilo la mwisho ndo lenye dhahabu. Hapo ndo tuligundua kuna mahali traneksamiki ipo lakini imefungiwa stoo na ufunguo anaenda nao mtu nyumbani saa kumi na moja jioni, kitu ambacho hakuna gemu itakayokitibu, kiliandikiwa barua na kikarekebishwa.

Ubao wa washindi tuliuondoa. Nilidhani ungewachangamsha, kumbe sista wa miaka 50 na kitu, aliyezalisha nusu ya wilaya, anawekwa chini ya wanafunzi wake mbele ya watu, na wiki iliyofuata hakuja. Nilimwendea kwake kuomba radhi. Sasa kila mtu anaona alama zake mwenyewe tu, na anazilinganisha na zake za juzi.

Utajuaje kama imefanya kazi

Usiwaulize kama wameipenda. Watasema ndio, umewapa soda. Donald Kirkpatrick alipanga kitu hiki kwa ngazi nne: kupenda, kujifunza, kubadilika kazini, na matokeo kwa mgonjwa, na sisi wengi tunaishia ngazi ya kwanza tunaandika ripoti. Wale wa Re-Mission, gemu ya vijana wenye kansa, kwenye utafiti wao wa 2008 walichukua wagonjwa 375 kwenye vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa hiyo gemu na wengine gemu ya kawaida, alafu wakapima kama dawa zinamezwa kweli, mpaka kiasi cha dawa kwenye damu. Waliocheza Re-Mission walimeza dawa zao vizuri zaidi. Hicho ndo kipimo. Tofautisha na ule utafiti wa 2007 unaopendwa kutajwa kwenye semina, wa madaktari wa upasuaji 33, kwamba waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37: hao walikuwa wachezaji tayari, huwezi kujua gemu ndo iliwanoa mikono au wenye mikono mizuri ndo wanapenda gemu.

Kwa kituo kidogo fanya hivi tu. Kabla ya gemu, kila mkunga akadirie vitenge sita vya karkade vya kweli, mezani, bila simu. Rudia wiki moja baadaye, alafu rudia baada ya miezi mitatu bila kuwataarifu, na vitenge viwe vya rangi nyingine na vipimo vingine ambavyo hawajaviona kwenye gemu, la sivyo unapima kukariri picha. Linganisha na kituo cha jirani waliopata somo la kawaida, nao uwape gemu mwishoni. Ukitaka kuchapisha au kukusanya taarifa za watu, pitia kamati ya maadili na UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia) kabla hujaanza, na alama za mkunga ni taarifa zake binafsi chini ya sheria ya 2019 ya kulinda taarifa, bosi wake asizipate kwa mlango wa nyuma.

Kitu cha mwisho, na hiki wengi wanakisahau kwa sababu gemu ikishaisha kila mtu amechoka. Faili inayozunguka kwa Bluetooth hairudi nyumbani. Toleo langu la subiri subiri, lile nililolifuta, nilikuja kulikuta mwaka uliofuata kwenye simu ya mwanafunzi wilaya nyingine kabisa, alitumiwa na binamu yake. Kwa hiyo skrini ya kwanza andika tarehe ya toleo kwa herufi kubwa, weka ndani tarehe ya kuisha ili gemu yenyewe ikishafika siku hiyo ikatae kufunguka na imwambie mtu atafute mpya, na ukienda kituo chochote kwa kazi yoyote, kabla ya chai, omba kuona simu zao.